Wifi Yangu, Mwalimu wa Panya

Kazi ya wifi yangu ilikuwa kuwafundisha panya kuogelea. Ukimwambia mtu hivyo anacheka, na mimi mwenyewe nilicheka miaka mingi. Alikuwa ameajiriwa katika nyumba ya panya ya kituo cha utafiti, jengo fupi nyuma ya maabara, lenye madirisha madogo na feni isiyozimwa. Aliingia pale kama mfagiaji wa maranda ya vizimba. Wakaona panya wakishikwa na yeye hawang'ati wala hawakojoi kwa woga, basi wakamwondoa kwenye ufagio wakampa koti jeupe.

Mtaani walimwita Mama Panya. Hakukasirika. Mimi ndiye niliyemchokoza kuliko wote, maana nisipomchokoza wifi yangu nimchokoze nani? Nilikuwa namwambia anawe mikono mara mbili kabla hajagusa sufuria yangu. Ananijibu kwamba panya wake wanaoga kila siku, tofauti na baadhi ya ndugu zangu.

Mume wake ni kaka yangu wa tumbo moja, kinyozi. Tulikaa nyumba moja, wao vyumba vya mbele, mimi chumba cha uani tangu nilipofiwa na mume. Hawakujaliwa mtoto, na sijui kama waliwahi kulaumiana kwa hilo. Kama walilaumiana, walifanya kwa sauti ya chini. Kaka alikuwa na mkono mwepesi na mdomo usiofungwa. Ukikaa kwenye kiti chake unanyolewa nywele na unapewa habari za mtaa mzima, za kweli na za kutiwa chumvi.

Alasiri moja alimnyoa mteja nusu kichwa, akaweka mashine mezani, akatoka nje, akakaa kwenye benchi kusoma gazeti. Mteja akangoja akidhani ni utani. Alipochoka akamfuata nje, kitambaa bado shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na mwingine una nywele. Kaka akamtazama, akamwambia kwa upole, "Karibu, kaa hapo. Zamu yako itafika."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia. Nilipomsimulia wifi jioni, hakucheka. Aliweka kijiko chini, akanitaka nimwambie tena kaka alivyomtazama yule mteja. Nikamwambia alimtazama kama mgeni. Hakula tena.

Hospitali walimpiga kaka picha ya kichwa, wakamuuliza maswali ya kitoto ambayo mengine aliyajibu na mengine aliyageuza kuwa mzaha. Daktari akawaambia ni ugonjwa wa kusahau, unakwenda mbele tu, na hana dawa ya kuurudisha nyuma. Kaka akasema, "Basi nitasahau kwamba ninaumwa." Akacheka peke yake.

Kwenye kibanda chao cha kunyolea, kinyozi wa kiti cha pili akamwondolea nyembe kwa adabu, akamwachia kazi ya kupangusa vioo.

Ndipo yakaletwa yale majani. Mtafiti aliyekuwa mkubwa wa wifi, mwanamke mfupi wa miwani ambaye sote tulimwita Dokta, alileta magunia ya majani ya kichaka fulani kichungu yaliyokaushwa kivulini. Huko yalikotoka, watu huwanywesha wazee wanaoanza kupoteza mambo. Dokta alitaka kujua kama ni kweli au ni mazoea tu. Waliyasaga, wakayachemsha, wakachuja, wakachemsha tena mpaka ikabaki rojo nyeusi yenye harufu ya chuma. Wao waliiita dondoo. Wifi aliiita dawa, tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeweza kumwachisha.

Jaribio lenyewe alinieleza mara nyingi hata ningeweza kulifanya. Kuna beseni kubwa la duara, kubwa kuliko kitanda, lenye maji yaliyotiwa rangi nyeupe ili yasionyeshe chini. Ndani yake kimezamishwa kijukwaa kidogo. Panya anatiwa majini, anaogelea huku na huku mpaka akipate kijukwaa, anapanda, anapumzika. Kesho anarudishwa. Mwenye kumbukumbu anakwenda moja kwa moja, akiongozwa na michoro iliyobandikwa ukutani. Kisha wengine wanachomwa sindano inayowafanya wasahau. Kati ya hao, kundi moja limenyweshwa dondoo kwa wiki kadhaa kabla ya sindano, kundi jingine limenyweshwa maji matupu. Kama dondoo inakinga, waliokunywa wataendelea kukikumbuka kijukwaa, na wenzao watazunguka wakitapatapa. Wifi hakuambiwa nani kanywa nini. Dokta peke yake ndiye aliyejua, ili mkono wa wifi usije ukapendelea.

Alimwomba Dokta chupa moja ya kumpelekea mumewe. Dokta akakataa.

"Mama, sijui kama inamsaidia hata panya," alimwambia. "Nikimpa mzee ikamla ini, nitasema nini?"

Lakini alimpa tumaini, na mimi hapo namlaumu na simlaumu. Alimwambia kama panya wataonyesha kitu, kazi itapelekwa hatua ya watu, na watatafutwa wanaoanza kusahau. Kaka angeweza kuwa miongoni mwao. Sharti ni moja: mtu awe bado na akili ya kuelewa anachofanyiwa na kukubali kwa kinywa chake. Hakuna wa kumkubalia, hata mke.

Basi wifi akaishi roho mkononi. Nyumbani anapima ni kiasi gani cha kaka kimebaki, kazini anahimiza panya. Asubuhi anamuuliza kaka jina la mama yetu, jina la mtaa, jina lake yeye. Akijibu yote, wifi anakwenda kazini anaimba. Akikosea, anafunga mlango polepole sana. Nilikuwa nasikia jinsi mlango unavyofungwa, najua siku itakuwaje.

Sheria ya beseni ni kwamba ukishamtia panya majini unatoka, unakwenda nyuma ya pazia. Kamera iliyo darini inaangalia maji, si wewe. Wifi aliijua sheria hiyo, ameifuata maisha yake yote ya kazi. Lakini safari hii alishindwa kuondoka. Aliwaona panya wakiinua vichwa vidogo juu ya maji na akaona ni uonevu kuwaacha. Alisimama palepale ukingoni, upande wa kijukwaa, taulo mkononi, awapokee wakifika. Hakusema neno, hakuonyesha kidole. Alisimama tu. Siku ya kwanza alijiambia ni leo tu.

Panya walifanya vizuri ajabu. Alirudi nyumbani uso umefunguka kama zamani. "Wifi, hawasahau," aliniambia. "Karibu wote wanakwenda moja kwa moja."

Nikamuuliza, "Hata wale wa maji matupu?"

Alivua koti lake akalitundika. Kisha akaniambia nimwachie kazi yake, mimi nibaki na midomo yangu. Nilinuna siku mbili. Sasa nafikiri naye alijiuliza swali lilelile, akalifukuza, maana lilikuwa limesimama kati yake na mume wake.

Kisha kaka akapotea. Alitoka kwenda kibandani kwake kupangusa vioo, asifike. Nikampigia wifi simu, akaacha kila kitu akaja. Tulimtafuta tukiuliza kila duka, mpaka tulipomkuta kituo cha basi cha mbali, amekaa na wanafunzi, anawaahidi kuwanyoa bure. Alimwona wifi akasimama haraka. "Umechelewa," alimwambia. "Nimekungoja." Wifi akamshika mkono, na njia nzima hakuuachia.

Siku ileile, kule kazini, kijana mwingine wa maabara aliendesha beseni kwa niaba yake. Aliwatia panya majini akaenda nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Panya walizunguka. Wale wa dondoo, wale wa maji matupu, hata wale ambao hawakuchomwa sindano kabisa, wote walikwenda segemnege, wanaogelea hadi ukingoni upande ule, wanainua vichwa, wanatazama hewani.

Dokta alitazama picha za kamera siku nzima. Wifi aliporudi kazini akamkuta kando ya beseni.

"Mama, huwa unasimama wapi?"

Wifi akaenda akasimama. Hakudanganya, hilo nampa.

Dokta alivua miwani. "Basi hawakukikumbuka kijukwaa," alisema. "Walikuwa wanakufuata wewe."

Hakumgombeza. Wifi aliniambia bora angemgombeza. Jaribio zima lilikuwa limekwisha, halina faida kwa mtu. Panya waliokwisha kuzoea hivyo hawatumiki tena, na hawaachwi kuzeeka vizimbani. Wifi ndiye aliyewashika mmoja mmoja walipokuwa wakilazwa, akasema si haki wafe mikononi mwa mgeni. Ilibidi kuanza upya, panya wapya, majani mapya, na kwanza kuomba upya fedha kwa watu wasiopenda kuombwa mara mbili. Ingechukua zaidi ya mwaka. Wifi alijua hesabu ya kaka. Kaka hakuwa na mwaka.

Dokta alikuja nyumbani kutueleza. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno yake, lakini alipokaa kwenye kiti akamwangalia kaka, machozi yalimtoka mbele yetu, nami nikamletea maji. Kaka akamuuliza kama anataka kunyolewa.

Hasira zangu zikabaki kwa wifi. Nilitaka kumuuliza kwa nini, mtu wa kazi yako, mtu unayejua, ulishindwaje kutembea hatua chache hadi nyuma ya pazia. Nilimkuta uani anaanua nguo. Akanitangulia kusema.

"Niliwahurumia wale wadogo, nikamwonea mume wangu."

Nikachukua shati la kaka kutoka mkononi mwake nikalikunja. 

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo watu wa mtaani walilishangaa. Kila siku akitoka kazini, saa ambayo kaka hutoka kibandani, alikwenda kusimama kwenye kona ya mtaa wetu, karibu na duka la simiti, mahali palepale, koti lake jeupe mwilini. Hakumfuata kibandani wala hakumwita. Kinyozi mwenzake alimtoa kaka mlangoni akamwelekeza, na kaka alikuja peke yake, mikono mfukoni, kichwa juu, mwanamume anayetoka kazini kwake. Alipomwona wifi aliongeza mwendo. Wifi aliniambia hakutaka avutwe kama mbuzi. Kama panya walimfuata yeye, alisema, basi na afuatwe.

Ilifanya kazi muda mrefu. Majina yalikuwa yameshaanza kuondoka, la mama yetu, kisha langu, mimi niliyebebwa mgongoni na yeye. Aliniita "yule wa uani", na nililia hadi nikachoka, kisha nikaitikia. Lakini kona hakuikosea. Watu wa duka la simiti walianza kumsalimia kila siku, naye akiwajibu kwa mzaha uleule.

Jaribio la pili lilikwisha. Wifi alikuwa nyuma ya pazia, kila panya, kila siku. Dokta akaja na habari: dondoo inakinga. Si sana, lakini inakinga, wale waliokunywa kabla ya sindano walikumbuka kuliko wenzao. Walijaribu pia kuwapa wengine baada ya kusahau. Hao haikuwasaidia kitu.

Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru. Akatazama saa ukutani, akavaa koti lake, akaniambia, "Twende wifi, tukamngoje."

Tulisimama wote wawili penye kona. Kaka akatokea, mikono mfukoni, kichwa juu. Hakuyumba hata kidogo. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya wifi, akasimama, akamtazama usoni kwa adabu, akatazama nyuma yake, kisha ndani ya duka.

"Samahani, mama," alisema. "Kuna mke wangu huwa anasimama hapa hapa. Hujamwona?"

Nilifungua mdomo. Wifi alinishika mkono, akaubana.

"Nimemwona, baba," alimwambia. "Ametangulia nyumbani. Ameniambia nikulete."

Kaka akafikiri. "Amevaa nini?"

"Koti jeupe."

"Ndiye huyo," alisema, akafurahi, akaanza kutembea kando yake. Mimi nilibaki nyuma yao nikijifuta uso kwa ncha ya khanga, nikimsikia anamsifia mke wake kwa wifi yangu, jinsi asivyochelewa, na jinsi anavyowapenda panya, njia yote hadi nyumbani.