Mkasi, Maharagwe na Mkono wa Kulia

Dukani kwangu, ghorofa ya pili katikati ya mji, mkasi wa kukatia una mwenyewe mmoja. Wengine wanashona, wanapiga pasi, wanaweka vifungo. Kukata ni mimi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini suti nilizokata zimeingia bungeni na mahakamani mimi nikiwa nje. Koti likikatwa vibaya hakuna cherehani ya kuliokoa. Ndiyo maana hata mama mshonaji niliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, ambaye kwa kushona amenipita na nakubali, hakuwahi kuugusa ule mkasi.

Halafu mkono wangu wa kulia ukaanza ukaidi. Kwanza vidole viwili vikafa ganzi, kisha chaki ikawa inaniponyoka. Nikasema ni baridi ya Julai. Julai ikapita. Hospitalini kule Upper Hill wakanipitisha kwenye mashine, wakaniambia nina ugonjwa wa neva, multiple sclerosis. Daktari alinieleza vizuri: neva ni kama nyaya za stima, na kinga ya mwili wangu mwenyewe imetafuna maganda yake, kwa hiyo amri inatoka kichwani lakini inafika mkononi imechelewa, au haifiki. Dawa ni za kuzuia usiendelee. Mkono wenyewe unataka mazoezi.

Kutoka nyumbani Kangemi hadi Upper Hill nilikuwa nafika nimechoka, hata peni siwezi kushika. Basi fizio wa pale, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, akaamua tukutane kwa simu ya video, Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa naegemeza simu kwenye kopo la vifungo, yeye anaona mkono, mimi naona uso wake.

Siku ya kwanza akaniambia nihamishe maharagwe, moja moja, kutoka mezani hadi kikombeni.

"Daktari, mimi ni fundi," nikamwambia. "Maharagwe mimi nakula."

"Leo hutakula, Mzee. Utayahamisha."

Nikayahamisha. Saba yalianguka. Mshonaji wangu alikuwa kwenye cherehani nyuma yangu na nilisikia cherehani ikisimama kila moja lilipoanguka.

Wiki hiyohiyo akaja wakili mmoja wa Lavington, mteja wangu tangu ana nywele nyeusi, na kitambaa cha suti ya kumwozeshea binti yake. Kitambaa chenyewe alikitoa nje ya nchi, kinatosha suti moja tu, hakuna cha kurudia. Akasema kama anavyosema siku zote: "Ukate wewe." Nikamwambia nitakata mimi. Harusi ilikuwa wiki sita mbele.

Sasa, mtu aliyejijenga mwenyewe ana ugonjwa mwingine ambao hauonekani kwenye mashine. Anadhani hakuna kisichoshindwa kwa kuongeza saa za kazi. Fizio alisema nikunje vidole mara kumi, nipumzike, nirudie, basi. Mimi nikafanya mara mia. Mazoezi nikayafanya kando ya meza ya pasi, ili nione nguo zikinyooka, mvuke ukinipiga usoni. Siku ya tatu, saa tisa mchana, nikashindwa kufunga kifungo cha shati langu mwenyewe.

Ijumaa fizio akauliza, "Unafanya mara ngapi?"

"Kumi. Kama ulivyosema."

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Daktari, anafanya mia. Na anakaa kwa pasi."

"Wewe shona," nikamwambia.

Fizio hakupandisha sauti. "Mzee, ukiletewa kitambaa cha suti moja, unakata suti mbili?"

"Inategemea. Mteja akiwa mwembamba—"

"Mzee."

"Sikati."

"Basi mkono wako umeletewa kitambaa cha suti moja kwa siku."

Akaeleza kwamba joto na uchovu vinafanya zile nyaya zilizotafunwa zishindwe zaidi kupitisha amri. Nikipoa na kupumzika zitarudi zilipokuwa. Nikahamia dirishani. Kumi asubuhi, pumziko, kumi. Akanifundisha kuegemeza kiwiko mezani ninapokata, na kuzungushia mpini wa mkasi ukanda wa kitambaa ili kidole gumba kishike kitu kinene. Hilo liliniuma. Mkasi wangu kufungwa bandeji kama mgonjwa. Lakini nilifunga. Wiki ya nne maharagwe yalianguka mawili.

Asubuhi ya kukata nilifungua dirisha, nikazima pasi, nikamweka fizio kwenye kopo lake. Mistari ya chaki niliichora mwenyewe, na ilikuwa mizuri. Nikakata mgongo. Nikapumzika. Nikakata vipande vya mbele, pande zilizonyooka. Nikapumzika tena, na hakuna aliyeniambia. Nilipofika kwenye kwapa, pale mkasi unapopinda, kidole gumba kikaanza kuchelewa. Fizio aliona. Nilijua hesabu yenyewe: nikiteleza mara moja, wakili ataozesha binti akiwa na suti ya kununua tayari.

"Mama, njoo ukate hapa."

Akageuka kunitazama kana kwamba nimesema jengo linaungua. "Unaniambia mimi, Fundi?"

"Kuna mwingine humu?"

Akafuta mikono kwenye sketi, akaushika mkasi na ile bandeji yake. Alikata polepole kuliko mimi, akiacha upana wa uzi nje ya chaki, vile mimi huacha. Sikuwahi kumfundisha hilo. Alikuwa ameliona tu, miaka yote ile.

Wakili alikuja kujaribu koti likiwa bado na nyuzi nyeupe za kushikizia. Akainua mikono, akaishusha. "Umekata wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Mgongo na mbele ni mimi," nikamwambia. "Makwapa ni huyu mama."

Akamtazama, akainua mikono tena, juu zaidi. "Hapa chini ya mkono hapajawahi kunikaa vizuri hivi."

Nikamwambia avue, koti halijaisha.