Hesabu za Mafuta Yaliyobaki

Mimi ni mtu wa kujibu haraka, na ulimi wangu umeniponza mara nyingi. Siku ile ya mashindano ya sayansi ya shule za sekondari, pale Kibwezi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ulimponza mtoto wa watu.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, kijana, tai shingoni, mwamuzi kwa mara ya kwanza. Binti wa kidato cha tatu kutoka upande wa Ikutha alikuwa amening'iniza kopo la mafuta ya kupikia kwa waya juu ya jiko la makaa. Fundi alikuwa amelichomelea likazibika, akatoa ubavuni mirija miwili ya shaba iliyopinda, mmoja huku, mwingine kule. Ndani mlikuwa na vijiko viwili tu vya maji. Moto ulipokolea, mvuke ulifoka na kopo likaanza kuzunguka lenyewe.

Alieleza bila kutetemeka. Roketi ikimaliza kazi, mafuta hayaishi kabisa. Chini ya tangi hubaki kiasi ambacho injini haiwezi kukifyonza. Na bado chombo hubeba vitangi vingine vya gesi, vya kukigeuza kikiwa angani.

"Kwetu maji yakibaki chini ya mtungi hatumwagi, tunapatia vifaranga," alisema. "Hayo mafuta yamebaki yapashwe moto yawe mvuke, ndiyo yageuze chombo. Vile vitangi viachwe nyumbani. Uzito utapungua."

Kisha akafungua karatasi ya manila iliyojaa hesabu zake. Nilisoma mstari wa kwanza. Wa pili ulinishinda. Nyuma yangu ukumbi mzima ulikuwa unangoja mwamuzi aseme, na ningeweza kumwambia anifafanulie hapo, basi. Badala yake nikauliza, kwa sauti ya kufika mlangoni, "Kwani huko Ikutha roketi hupita saa ngapi?"

Watu waliangua kicheko. Kilinipendeza, nisiseme uongo. Nikaongeza kwamba sayansi haitaki watu wa kuota mchana, na kwamba kwa faida yake atafute somo jingine. Mwamuzi mwenzangu, mwalimu wa kike kutoka Migwani, alitaka binti yule apelekwe mashindano ya mkoa. Nilikataa. Nafasi nilimpa aliyetengeneza kiangulio cha mayai, kwa sababu kiangulio nilikielewa.

Miaka ya tisini nilikuwa naibu mwalimu mkuu, bado huko huko upande wa Kibwezi. Siku moja, nikipanga majarida ya zamani yaliyoletwa maktabani kama msaada, nikakuta makala kuhusu wahandisi waliokuwa wakitafuta namna ya kupasha moto mabaki ya mafuta ndani ya tangi, yageuke mvuke wa kuelekeza chombo, ili kupunguza uzito. Niliisoma nikiwa nimesimama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu. Jarida nililifungia kwenye droo ya meza yangu, nikajiambia nitamtafuta yule binti, nimwombe radhi. Miezi mitatu ikapita na sikuuliza hata mtu mmoja.

Akaja mwenyewe. Ilikuwa siku ya wazazi kuwasaidia watoto kuchagua masomo, na mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliingia ofisini na mama yake. Mama alinitambua kabla sijamtambua. Aliinama kidogo, akanisalimia kwa heshima ambayo sikustahili.

"Mwalimu, huyu anasema lazima achukue fizikia," alisema. "Mwambie ukweli, vile uliniambia mimi. Mimi niliacha, nikasomea ushonaji, na sijalala njaa. Usimwonee huruma."

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alikuwa ameniamini miaka yote hiyo. Droo ilikuwa karibu na goti langu, na ufunguo ulikuwa mfukoni. Ningemwambia kwamba hesabu zake sikuzielewa, kwamba sikuzimaliza kuzisoma. Lakini ningelisema hilo mbele ya mwanafunzi wangu, na kesho shule nzima ingejua.

Mtoto alikuwa ananitazama, kalamu mkononi. Nikamwambia fizikia ni somo gumu, afikirie tena.

Mama yake akanishukuru.