Kisu cha Nyama ya Posa

Nilipokuwa mtoto huku Meru, kisu hakikununuliwa kama siku hizi. Wajukuu zangu wa mjini, kule Engutoto, wanabonyeza simu, mtu wa pikipiki analeta boksi, wanakitoa kinang'aa kama kioo, na wiki ya pili kinashindwa na nyanya. Nikisema, naitwa mshamba. Sawa. Mshamba anakula nyama iliyokatwa vizuri.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, kwenye migomba na kahawa juu ya Makumira. Bibi alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, nyimbo zote kichwani. Lakini chuma alikiogopa. Alizaliwa kwa Waarusha, na kwao kitu kilichotoka mkononi mwa mhunzi hakishikwi hivi hivi. Mhunzi anatengeneza vitu vya kumwaga damu, walisema, na kisu kipya huja na kiu yake. Basi kabla hujakigusa unajipaka mafuta ya kondoo viganjani, halafu unakipaka na chenyewe. Ukikiingiza nyumbani kikavu, kitavunja kitu. Kisipovunja mfupa, kitavunja undugu.

Mwaka ule shangazi yangu Elisaria, kitinda mimba wa bibi, aliposwa kwa mara ya pili. Posa ya kwanza ilikufa. Wale watu waliondoka bila kueleza sababu, na majirani wakaanza kumwangalia shangazi kama chungu chenye ufa. Sasa wanakuja wengine. Kwetu, siku hiyo anachinjwa kondoo dume, na nyama inakatwa mbele ya wazee wa upande wa mwanamume. Kisu kikivunjika juu ya nyama ya posa, wazee wanafuta midomo, wanainuka, wanakwenda zao. Hakuna kuulizana. Na kisu cha marehemu babu kilikuwa kimenolewa mpaka kimebaki kama jani la nyasi.

Siku ya soko Tengeru bibi akanichukua. Mhunzi alikuwa ametandika gunia, visu vimepangwa juu yake, vyote vya springi ya lori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usinipe mkononi. Acha hapo hapo chini."

Mimi nilikwisha kuona changu, mpini umezungushiwa shanga nyekundu. "Bibi, hiki!"

"Kimekupendeza? Basi kikuoe."

Akachuchumaa. Kwanza aliangalia chuma kinapoingia kwenye mti, akakataa chochote ambacho mkia wake, kile chuma kinachozama ndani ya mti, haukufika mwisho wa mpini. Akataka bapa refu, la kupitisha nyama mara moja bila kuisugua kama mtu anayekata kuni. Lakini mgongo uwe mnene kidogo. "Kisu cha nyama peke yake ni cha tajiri," aliniambia. "Sisi keshokutwa tunakwenda nacho kwenye migomba." Kisha akatoa kikopo chake cha mafuta, akajipaka viganja, akashika mipini mmoja mmoja na kuizungusha kwa nguvu. Ukiteleza, anaurudisha kwenye gunia. "Hiki kinakimbia. Kikinikimbia mimi mzima hivi, kitamfanyaje mwanamume aliyekwisha kunywa?"

Mhunzi akacheka. "Mama, unanunua kisu au unaposa?"

"Vyote viwili."

Aliondoka na cha mpini wa mzeituni mwitu, kibaya cha sura, cheusi mgongoni. Nilisikitika njia nzima.

Tulipofika nyumbani tukamkuta baba mkubwa Elieza, mtoto wa kwanza wa bibi, na ndiye atakayekata nyama. Alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa na kisu chake. Amekinunua mjini, mpini mweupe wa plastiki, kinameta.

"Mama, mbele ya wageni nitatumia hiki. Mambo ya mafuta ni ya kipagani. Na hiki ni cha dukani, hakuna mhunzi aliyekigusa."

"Kwani kiliota kwenye mti?"

"Kimetengenezwa na mashine."

"Kikavu hicho, Elieza. Kitakuvunjia."

"Kitanivunjia nini?"

Bibi alirudi kwenye ungo wake wa maharage, akaendelea kutoa mawe.

Siku ikafika. Wanaume walikuwa chini ya migomba, nyama imelazwa juu ya majani. Wanawake hawasogei pale mpaka sehemu zigawiwe. Mimi na shangazi tulikuwa mlangoni mwa jiko, bibi nyuma yetu. Amevaa gauni la kuazima, linambana kwapani. Baba mkubwa alipasua mbavu vizuri, akafika kwenye bega, ambalo ni la mzee wa wageni, akatia kisu kwenye kiungo na kukaza.

Tak.

Bapa likabaki kwenye bega. Mpini mweupe ukabaki mkononi mwake.

Mzee wa wageni, mrefu, mwembamba, blanketi begani, aliufuta mdomo wake ambao ulikuwa haujala kitu, akashika fimbo yake. Shangazi alishika nguzo ya jiko. Nilisikia anavyopumua.

Bibi hakukimbia. Alikilaza kile kisu cheusi juu ya kipande cha jani la mgomba, kinang'aa mafuta, akaniwekea mikononi. "Nenda. Mtoto hana miko. Weka chini, usimpe mtu."

Nikaenda. Nikaweka miguuni pa baba mkubwa. Nyuma yangu nikasikia sauti ya bibi. Na kwa kuwa mwanamke hawasemeshi wazee wa posa, akawasemesha kuku.

"Nyie kuku! Mnashangaa nini? Kimevunjika kisu cha mpita njia. Kimekuja jana kikavu, hakijapakwa, hakijawa cha nyumba hii! Cha nyumba hii ndicho hicho kwenye jani. Anayetaka kujua nyumba hii ikoje, na akijaribu hicho. Haya, shii! Tokeni jikoni!"

Kuku wenyewe hawakuwepo.

Mzee akainama. Alipitisha kidole kwenye bapa, akakinusa.

"Ya kondoo," alisema. "Nani amekipaka?"

"Mama," alijibu baba mkubwa, macho chini.

Mzee akairudisha fimbo mahali pake, akaketi. "Kata basi, Elieza. Njaa inauma."

Kabla ya kukiokota, baba mkubwa alipangusa mafuta kwenye bapa, akajipaka viganja vyote viwili polepole. Mzee wa kanisa. Nilimwona.

Mjukuu wangu mmoja anasema mafuta kazi yake ni kuzuia kutu, na kile kisu cheupe kilikuwa kibovu tu. Ni kweli. Nilikiokota baadaye, mkia wake mfupi kama ukucha, umegandishwa kwa gundi. Lakini mbona basi hakuna mwingine aliyekagua mkia wa kisu, isipokuwa mwanamke aliyekuwa na hofu? Anayemwogopa mhunzi hukitazama kisu mara mbili. Hilo moja. La pili, bibi hakuwaambia wale wazee kwamba mwiko wao ni upuuzi. Aliuamini kuliko wao. Aliingia ndani yake, akapapasa, akapata pa kutokea.

Shangazi aliolewa. Mume mwenyewe hakuwa wa kusifia, mnung'unikaji, ugali ukichelewa kidogo nyumba haikaliki. Walilima, wakazaa, mwishowe shangazi akamzika. Majuzi nilikuwa kwake Nduruma, amezeeka, masikio mazito, nikamwuliza kwa sauti ya juu kama amewahi kutamani wale wazee wangeinuka siku ile.

Alicheka mpaka akakohoa. "Siku nyingine, ndiyo," akasema. "Ongeza sukari, hii chai ni ya wagonjwa."

Sikumwuliza tena. Nami nina mabinti, nimewaozesha, nimewaona wakicheka na nimewaona wakirudi na masanduku. Uwezo wa mama ni kuwafanya wageni wakae na kula. Wakishakula, yanayofuata si yake.