Maneno Halisi ya Dalali

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu wa fasihi kwamba hadithi haina mikono: yaweza kumgusa mtu moyoni, lakini ngumi ni ya mwenye ngumi. Niliishikilia kauli hiyo hadi Jumapili ile fundi wa mawe alipopigwa katika ukumbi wa kanisa letu, Kitengela, ndani ya mchezo nilioutunga mimi.

Mchezo ulimhusu dalali aliyewauzia watu wengi ploti moja. Jambo hilo liliwapata akina mama kadhaa wa kanisa letu, huko Kisaju, na dalali mwenyewe alitoweka. Kwa kuwa sipendi kubuni jambo linaloweza kuthibitishwa, niliwatembelea mmoja mmoja, nikayaandika daftarini maneno yenyewe aliyowaambia, pamoja na mahali alipotua na mahali alipocheka. Maneno hayo nikampa fundi, ambaye ndiye angeigiza dalali, ayasome mpaka ayakariri. Alikuwa mtu mpole ambaye hakuwa ameigiza maishani mwake. Vijiti vilivyopakwa rangi kuwa alama za mipaka nilivikataa pia. Nilitaka nondo halisi, kama zile zinazosimikwa kwenye pembe za ploti.

"Mwalimu, hii chuma ni nzito kwa mchezo," fundi alisema.

"Ndiyo itakayoaminika," nikamjibu.

Siku yenyewe alipoingia jukwaani amevaa koti la suti, ukumbi uliangua kicheko. "Fundi, leo umeoga!" mtu akapaza sauti. Fundi akaisimika nondo katika debe la mchanga, akamgeukia mwigizaji mwenzake, aliyeigiza mnunuzi.

"Mama, hapa ni kwako. Hata leo leta jembe upande mahindi. Mimi ni kama kijana wako." Akatoa kile kicheko kifupi nilichomfundisha.

Katika safu ya pili akasimama mjane aliyeuza ng'ombe wake wote ili anunue ploti ile. Alitembea polepole hadi jukwaani, akaing'oa nondo mchangani.

"Sema tena," akamwambia fundi.

Fundi alinitazama nilikosimama, kando ya pazia. Nilifurahi. Niliona mchezo wangu umemwinua mtazamaji kitini, jambo nililokuwa nimelisoma vitabuni tu. Nikamwashiria aendelee.

"Mama, hapa ni kwako…"

Nondo ilimpata chini ya jicho la kushoto. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alipoanguka, akina mama wengine walikuwa wamekwisha kupanda jukwaani. Mmoja alimkanyaga vidole, mwingine akampiga kwa kiti mpaka mguu wa kiti ukakatika, kisha akaendelea na kipande kilichobaki.

"Mwizi! Rudisha shamba!"

"Mama, ni mimi! Ni mimi fundi, nilikujengea jiko!"

"Jiko gani? Rudisha shamba!"

Nilijitupa juu yake. Kisigino cha kiatu kiliniingia mbavuni, na damu yake ikanijaa mdomoni. Wanaume walitushika miguu wakatuburuta nje, sote wawili.

Hospitalini Kajiado daktari alilitoa jicho. Siku ya tatu nilikuwa kando ya kitanda mjane alipoingia na chupa ya uji. Akammiminia fundi kikombe, akakishika mpaka alipomaliza.

"Najua si wewe," akasema. "Nilijua hata nilipoinua mkono. Lakini ulikuwa na mdomo wake."

Fundi alifuta midomo. "Sasa Mwalimu atusomee ile imebaki. Mimi nimeshalipa kiingilio."

Makaratasi yalikuwa mkobani. Niliwasomea onyesho la mwisho: dalali anarudi, anapiga magoti, anaomba radhi. Maneno hayo yalikuwa yangu, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kitu kama hicho.

"Hayo hakusema," mjane alisema, akikaza kifuniko cha chupa. "Na wewe, Mwalimu, huyu hapa hujamwomba radhi."

Fundi aligeuza kichwa kwenye mto ili anione kwa jicho lililosalia. Niliyaweka makaratasi chini. Nikamwambia, "Nilimwona mama akiing'oa nondo, nikaiona na hasira usoni mwake, na bado nikakuashiria uendelee.

"Nilikuona," akasema. "Nilifikiri unajua unachofanya, Mwalimu."