Nilivyombeba Miss Vera Ndani ya Kasri

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutunza wazee, kule Arlington ughaibuni, nesi msimamizi alinifunga mkanda kiunoni. Ulikuwa mkanda mpana wa kitambaa. Mtunzaji humfunga mzee nao ili apate pa kumshikia anapomsimamisha. Nesi alikuwa Mkenya mwenzangu, mama wa Kakamega, mwenye sauti kama kengele ya shule.

"Nguvu itoke miguuni, si mgongoni," akasema. "Na usimlift mtu peke yako. Nikisikia umembeba mgonjwa, kazi huna. Umenisikia?"

"Nimesikia, Sista."

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine za kunyanyulia. Sisi tulikuwa na mkanda ule na mikono yetu.

Nilipita nyumba nyingi kabla ya kupangiwa Miss Vera, mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa bibi kizee Mrusi, wa kiti cha magurudumu, na mdomo wake, jamani! Chai yangu aliiita maji ya kuoshea miguu. Kabla ya mapinduzi, baba yake alitunza bustani ya kasri la mashambani la wafalme wa Urusi. Vera alizaliwa kwenye kibanda ndani ya bustani hiyo, lakini watu wa kibandani hawakuruhusiwa kukanyaga kasrini. Sasa kasri limekuwa makumbusho, naye alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kuingia kwa mlango wa mbele. Mwanawe akatukatia tiketi za ndege hadi Urusi, mama yake na mimi.

Asubuhi ya siku yenyewe tulizunguka bustani kwanza. Nilimsukuma chini ya miti mirefu, naye akinyoosha kidole: huu baba aliupanda, huu aliupogoa, ule sijui mjinga gani kauweka pale. Kisha tukafika mlangoni.

Mama mlinzi akayatazama magurudumu, akatikisa kichwa. Sakafu ilikuwa ya vipande vya mbao vilivyopangwa kama maua, na kila mgeni alivalishwa kandambili za kitambaa kizito juu ya viatu vyake ili asiikwaruze. Kiti hakiingii. Miss Vera alimsihi kwa Kirusi, wapi!

"Basi nirudishe bustanini," akaniambia. "Ndiko kwetu."

Neno hilo lilinichoma. Nikatoa mkobani leso yangu, khanga ya kutoka nyumbani, nikachuchumaa mbele yake.

"Panda."

"Una wazimu?"

"Panda, Miss Vera. Kwetu watu hubebwa."

Nikamfunga mgongoni kama mtoto, nikavaa zile kandambili. Mama mlinzi aliangalia miguu yangu, akatupisha.

Ndani kulikuwa na dhahabu mpaka darini. Miss Vera hakuijali. "Nipeleke dirishani," akasema. Kutoka pale, miti ilikwenda safu mbili zilizonyooka hadi mtoni, na maji yaking'aa katikati. Asubuhi tulikuwa tumepita humo humo, tukaona mashina tu.

Machozi yake yakanilowesha shingo. "Bustani ilipangwa itazamwe kutoka hapa," akasema. "Baba aliitunza maisha yake yote. Hakuwahi kuiona."

Tuliporudi Arlington, nesi alikuwa ameshapata habari.

"Ulimbeba?"

"Nilimbeba, Sista."

"Na mgongo?"

"Unauma."

"Na ukuume!" Hakunifuta kazi, ila alinirudisha kwenye mafunzo ya mkanda, nikakaa na wageni wa kazi siku nzima.

Nesi alikuwa sahihi, msije mkaniiga. Sasa nimestaafu, nakaa Bladensburg, na baridi ikianza mgongo huu haunipi raha. Binti yangu huniambia kwa Kiingereza chake nikalale. Nami humwambia anisogezee kiti dirishani kwanza.