Shangazi Zuhura na Kurudi kwa Bwana Nyumbu

Kila ninapopita panapokaangwa karanga za chumvi, pua hunirudisha Tabora, mlangoni pa sinema, alasiri ya jua kali, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa Shangazi Zuhura. Ulikuwa mkono mkavu, wenye vidole vilivyotobolewatobolewa na sindano, maana kazi yake ilikuwa kushona kofia. Aliishi peke yake mtaa wa Isevya. Nilipofika umri wa shule wazazi wangu walinipeleka kwake ili nimchangamshe, lakini nawaambieni ukweli, yeye ndiye aliyenichangamsha mimi.

Shangazi alikuwa mgonjwa wa sinema, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja. Steringi huyo alikuwa na jina refu la Kizungu lililotushinda, kwa hiyo mji mzima ulimwita Bwana Nyumbu. Alizunguka milima na majangwa akitafuta miji iliyopotea, pamoja na nyumbu mmoja wa mizigo, mtoto wa punda na farasi, mbishi aliyekataa kila daraja. Filamu zake tatu zilifika Tabora wakati wa Uhuru, shangazi akiwa bado bibi harusi. Zilirudiwa hata mimi nikazikuta. Katika ile ya pili palikuwa na msafara wa wapagazi, na hapo ukumbi mzima uliguna, kwani nyumba gani Tabora ilikosa babu aliyekwenda pwani na mzigo begani?

"Mizigo ile kaifunga nani?" shangazi alininong'oneza. "Hawafiki hata hapo Kigwa hao!"

Ya tatu iliishia Bwana Nyumbu akimwacha mkewe mlangoni na kupotelea katika dhoruba ya mchanga. Shangazi hakuipenda, wala hakupenda kuizungumza. Yeye naye aliachwa. Mumewe, Mrisho, alipanda treni kwenda Kigoma kutafuta kazi, akaoa hukohuko, na talaka ya shangazi ikaletwa kwa mdomo wa jamaa aliyeshuka stesheni na kapu la dagaa. "Hata dagaa wenyewe hawakuwa wetu," alikuwa akisema, na watu wakacheka, naye akacheka nao.

Miaka ikapita. Vijiji vya ujamaa vikaanzishwa, sukari ikawa ya foleni, sote tukawa ndugu. Ndipo bango likabandikwa: Bwana Nyumbu amerudi! Shangazi alijifukiza udi kama anayekwenda harusini.

Wapenzi wasomaji, mimi nililia. Bwana Nyumbu alikuwa na mvi kichwa kizima. Nyumbu hayupo, badala yake gari jekundu lililopiga kelele kama mashine ya kusaga. Alipopanda kilima akihema, vijana wa viti vya mbele wakapiga miluzi: "Steringi kachoka! Mpeni mkongojo!" Mwishoni hakupata mji wala dhahabu. Alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule mke aliyemwacha, akabisha, mama akafungua mlango, wakatazamana, na filamu ikaishia hapo.

Njia nzima nilinung'unika. Barazani tulimkuta Mzee Salehe, fundi viatu, nduguye Mrisho, ambaye wiki zile alikuwa akija mara kwa mara, na kila akija mimi nilitumwa dukani.

"Haya, shemeji, filamu ilikuwaje?" akauliza.

Shangazi akavua viatu taratibu. "Nusu ya kwanza mbaya. Kelele tupu, wanadhani sisi viziwi. Nyumbu wamemtoa, na bila nyumbu yule bwana hana wa kugombana naye. Na ule urukaji juu ya mapaa ya nyumba ni uongo. Mtu wa umri ule akiruka vile, tutaokota mifupa."

"Kwa hiyo hukuipenda."

"Mwisho wake nimeupenda."

"Shangazi!" nikaruka. "Mwisho gani? Yule mama hata hakusema neno!"

Hakunitazama mimi. Alimtazama Mzee Salehe. "Kazeeka, anahema, ana vumbi mpaka kwenye kope. Lakini kaja mwenyewe, shemeji. Kabisha hodi kwa mkono wake. Hakutuma mtu."

Mzee Salehe akamaliza kahawa yake, akaaga kama mtu aliyepewa ujumbe wa kupeleka. Siku ile sikutumwa dukani.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tukasikia hodi. Nilipofungua nilimkuta mwanamume mwembamba, kanzu imempwaya.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Zuhura yupo?"

Shangazi aliijua sauti kabla ya kuuona uso. Aliweka kofia chini, akaichomeka sindano pembeni ili isipotee. "Pita, Mrisho. Kaa."

Mrisho alikaa, akafuta jasho. "Nilikukosea nilipoondoka," akasema. "Nikakukosea zaidi nilipompa mtu mwingine aje kusema yaliyokuwa yangu kusema." Alikwama, akaanza tena. Shangazi hakumsaidia hata neno moja. Alimwacha aeleze mpaka mwisho, hadi akaomba kurudi.

"Radhi nimekupa, na Mungu ni shahidi," shangazi akajibu. "Nyumba sikupi."

Mrisho akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelitarajia jibu hilo, akanywa maji niliyomletea, akashukuru, akatoka.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Niliona tumeshinda, adui kafukuzwa. Ilinichukua ndoa yangu mwenyewe, na talaka yangu mwenyewe, kuelewa kwamba siku ile hapakuwa na adui. Shangazi hakuwa akimngoja mume. Kwa miaka yote ile alikuwa akiyangoja maneno ya Mrisho, yatoke katika kinywa cha Mrisho mwenyewe, mbele ya macho yake, apate kuyajibu.

Jioni tulikula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Shangazi, ambaye siku zote alidonoa kama kuku mgonjwa na kunisukumia mimi sahani, alikula mpaka akamaliza, akalamba vidole, akaniuliza kama chunguni kumebaki.