Maji ya Chini ya Kitanda

Kuna sauti moja ambayo hadi leo nikiisikia huacha ninachokifanya: maji ya kuoga yanapomalizikia kwenye tundu la sakafu, yale ya mwisho mwisho, yakizunguka na kukoroma kama mzee aliyeshiba, halafu kimya. Juzi nimeisikia katika nyumba kuukuu niliyoinunua hapa Masasi. Fundi alinimalizia bafu la ndani, akavingirisha gololi sakafuni ili nione mteremko, nami nikamwambia arudishe gololi yake mfukoni alete pipa zima la maji. Alinitazama kama nimemwambia amwage uji wa mgonjwa. Yeye sikumweleza, ila ninyi nitawaeleza.

Nilikulia Newala mjini, katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi iliyopigwa lipu ya saruji, bati juu, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Jiko, choo na bafu vilikuwa uani. Pembeni palikuwa na kisima cha kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati, maana Newala iko juu ya uwanda, na kule hakuna mto wala chemchemi, na zamani mwanamke aliyetaka maji aliyafuata bondeni akapanda nayo kichwani. Masika ikiisha, kila nyumba ilitegemea kilichomo kisimani mwake. Maji yaliyooshea mchele yalioshea vyombo, na yaliyooshea vyombo yaliishia kwenye shina la mpapai. Bibi aliweza kuoga kwa kopo moja akatoka anang'aa, wakati mimi nilimaliza ndoo nzima nikatoka na matope visiginoni.

Chini ya kitanda chake, kando ya sanduku la bati, alikuwa na madumu mawili ya manjano, kayafunika kwa kanga. Kila Ijumaa tuliyamimina kwenye sufuria za kupikia, tukayaosha, tukayajaza upya na kuyarudisha. Hata kisima kilipokauka na midomo yetu ikawa myeupe, madumu yale hayakuguswa. Mimi niliamini ni uchoyo wa kizee, nikamsamehe kwa sababu alikuwa akinifichia karanga.

Nilikuwa darasa la nne Bibi alipopata kiharusi, mguu wa kushoto ukabaki wa kuburuta. Asubuhi moja alianguka uani akienda kuoga, kanga ikabaki upande wake na yeye upande wake, mbele ya wapangaji waliokuwa wakipiga mswaki. Mwilini hakuumia. Lakini tangu siku ile alikataa kata kata kwenda bafuni. Alijifungia chumbani akajifuta kwa kitambaa cha maji, yeye aliyekuwa akijifukiza udi kila Alhamisi, na ukiingia ghafla aligeuza uso ukutani. Ilinitia uchungu kumwona hivyo, ingawa sikuwa na jina la uchungu wenyewe.

Habari zikamfikia Mjomba Selemani, kaka yake Mama, akapanda kutoka Mtwara. Kwetu mjomba akifungua mdomo, watu huacha kutafuna.

“Mama anakwenda na mimi,” alisema. “Kwangu bafu liko ndani, na maji ya bomba.”

“Nenda wewe na bomba lako,” Bibi akamjibu. “Mimi nikitoka humu, ndiyo nimetoka. Sirudi.”

Ndipo Mama akasema, mkono ungali kwenye bakuli la mboga, “Kaka, nakuomba mpaka Idi. Ukilikuta bafu humu ndani, Mama habanduki. Usipolikuta, mizigo yake nitaifunga mimi.”

“Bafu ndani ya nyumba ya udongo! Utaiyeyusha nyumba, Mama Somoe.”

“Utakuja kuona.”

Somoe ni mimi. Na mama yangu, kama hamjamfahamu bado, alikuwa mfupi, mpole kwa majirani, ila akisema “utakuja kuona”, hata mbuzi wa jirani walikaa mbali naye.

Kesho yake alilihamisha ghala lililopakana na chumba cha Bibi. Magunia ya mihogo mikavu yakahamia ukumbini, tukawa tunapita kwa ubavu. Bibi alilalamika kwamba chakula kimefukuzwa ili choo kipate makazi, na kwamba hajapata kusikia mtu akilala ukuta mmoja na choo chake. Fundi Issa, aliyekuwa amesakafia nusu ya mtaa wetu, akatoboa mlango wa kutokea chumbani kwa Bibi, akafukia bomba la kutolea maji hadi shimo la nyuma, akamwaga zege, akapiga lipu kuta hadi usawa wa shingo na niru, ule uji wa saruji wa kung'arishia, juu yake. Akaweka choo cha kukaa na chuma cha kushikia. Nyumba nzima ilinuka saruji mbichi, harufu ya ubaridi na mvua ya kwanza, na mimi nilikuwa nikiwahi kutoka shule ili niinuse.

Ikaja siku ya kupima. Kilikuwa kiangazi kikali, ndoo zikikwangua sakafu ya kisima, na hakuna mtu wa Newala mwenye akili zake ambaye angemwaga maji ili kuitazama sakafu. Fundi aliniomba gololi. Nilimpa niipendayo, yenye wekundu ndani. Aliivingirisha kutoka mlangoni, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye tundu, ikatumbukia, na sijaiona mpaka leo. Watu wakashangilia. Niliyelia ni mimi peke yangu.

Bibi akaingia na kopo lake moja, akaoga amekaa, akatoka kwa kushika ukuta, na harufu ya udi ikajaa ukumbini. “Sasa nimekuwa mtu,” alisema. Mimi nilidhani mambo yameisha. Mama alibaki mlangoni akiikodolea macho sakafu, kama anavyonikodolea mimi nikimwambia sijala sukari.

“Kopo moja halisemi kitu,” alisema. “Kesho mguu wa pili ukikataa, tutamwogesha sisi, kwa ndoo.” Akaenda kisimani, akarudi na ndoo, akarudi na nyingine.

“Mama Somoe!” Bibi alimaka kutoka kitandani. “Maji yakimwagika hayazoleki!”

Mama akamwaga. Nusu ya maji ilikwenda kwenye tundu kwa heshima zote. Nusu nyingine iligeukia pembeni, kwenye ukuta wa Bibi, ikatuama, kisha ikaanza kupungua polepole bila kwenda popote. Tukasikia sauti ya Bibi upande wa pili: “Mmeniletea na mto!” Tulipokimbilia chumbani, udongo chini ya ukuta ulikuwa umeloa na kumeguka kama mkate kwenye chai. Ulikuwa ukuta wa kichwani mwa kitanda chake. Mama aliushika kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa.

Fundi Issa alisema ataziba ile pembe. “Bibi mwenyewe anaoga kopo moja, maji hayatafika kule.”

“Fundi, mimi sijengi bafu la kopo moja,” Mama alisema. Akachukua tindo na nyundo, akapiga magoti, akaanza kuivunja sakafu kwa mkono wake. Idi ilikuwa karibu, majirani wameshaanza kununua nguo za watoto, na Mama anabomoa. Fundi akamnyang'anya tindo, akaendelea yeye. Hakunung'unika tena.

Sakafu ya pili ilikauka mkesha wa Idi. Safari hii Mama hakutaka kusikia habari za gololi, na mimi zangu zilizobaki nilikuwa nimezificha. Lakini kisimani yalibaki matope, wauza maji wa baiskeli walikuwa wamemaliza tangu asubuhi kwa ajili ya sikukuu, na Mjomba alikuwa njiani na gari la kumchukulia mama yake. Mama alisimama mlangoni mwa bafu na ndoo tupu mkononi.

“Somoe,” Bibi akaita. “Vuta madumu ya chini ya kitanda.”

“Hayo hapana, Mama,” Mama alisema, na sauti yake ilinishtua, maana ilikuwa ya mtoto.

“Nimesema vuta.”

Niliyavuta. Bibi alijiburuta hadi mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akaamuru yamwagwe yote, la kwanza na la pili, pembe kwa pembe. Maji yalitanda, yakasita, kisha yakaanza kujikusanya kutoka kila upande, yakaelekea kwenye tundu, yakazunguka, yakakoroma. Mama akaenda kuupapasa ukuta wa chumbani. Ulikuwa mkavu. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. “Limeyanywa yote, lafi hilo!”

Siku ya Idi Mjomba aliingia bafuni na kanzu yake, akagonga kuta, akamwagia maji miguu yake mwenyewe, akatoka amelowa pindo. “Haya, Mama,” alisema, “nimeshindwa.” Gari lilirudi Mtwara na gunia la mihogo mikavu.

Madumu yale Bibi hakuyajaza tena. Ijumaa ilifika ikapita, na mimi nikafikiri amesahau. Nikayachukua ya kuchezea.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akioga kila siku kwa kopo moja na kutusimanga sisi wenye ndoo. Alifariki mimi nikiwa mtu mzima, na kilikuwa kiangazi. Mama alipofungua lile sanduku la bati, juu kabisa ilikuwapo sanda iliyokunjwa, na kafuri kwenye karatasi. Ndipo akaniambia. Mama yake Bibi naye alikufa kiangazi, zamani, na wanawake walishuka bondeni kutafuta maji ya kumwoshea, Bibi akiwa mmoja wao, wakapanda nayo wakilia, maiti inangoja. Bibi akaapa kwamba yeye hatapandishiwa maji na mtu yeyote. Yale madumu yalikuwa maji ya kumwoshea yeye siku akifa.

Na mimi miaka yote nilijua tu kwamba siku ile tulipima sakafu. Sikujua kwamba bibi yangu alikuwa amechukua maji ya kufia akayamwaga ili apate pa kuishi. Nililia kuliko nilivyolilia gololi, na sioni haya kuwaambia.

Tulimwosha katika bafu lile. Majirani walileta ndoo zao bila kuitwa, lakini wanawake wa kwetu ni wa kwetu, wakawa wanamimina kidogo kidogo, kwa kuhurumia maji. Mama akainua uso.

“Mwageni, msimbanie,” alisema. “Haya ni yake.”

Wakamwaga. Maji yakaja kutoka pembe zote, yakamzunguka, yakaenda zake, na mimi niliyekuwa mlangoni na ndoo tupu nikayasikia yakikoroma mpaka tone la mwisho.